Mwanangu bado anamngoja Bibi na gari la Muheza

*Shangazi, mama yangu amefariki miezi miwili iliyopita baada ya kuugua muda mrefu. Tulikuwa tukiishi naye hapa Tanga. Siku ya msiba nilimpeleka mwanangu wa miaka mitano kwa jirani, na aliporudi nikamwambia Bibi kasafiri, kaenda Muheza. Khitma ya arobaini imeshapita, na yeye kila jioni anakaa barazani kungoja gari la Muheza. Juzi kaniuliza kama Bibi kamkasirikia, maana siku ya mwisho alimwaga uji wake. Analilia kanga ya Bibi, nami nimeifungia kabatini nisiione. Dada yake wa miaka minane anajua ukweli ila nimemkataza kusema. Jirani anasema nimweleze kwa hadithi. Mama mkwe anasema kumtajia mtoto kifo ni uchuro. Nisimulie hadithi gani? — Mama Wawili*

Mwanangu Mama Wawili, pole kwanza kwa kufiwa na mama. Barua yako nimeirudia mara mbili, na kila mara nakwama kwenye ule uji.

Mtoto wa miaka mitano hudhani mambo yote yanaanzia kwake. Kamwaga uji, Bibi kaondoka. Kwake hiyo ni hesabu iliyokamilika. Kwa hiyo leo hii, kabla ya hadithi yoyote, mpakate umwambie: "Bibi hakusafiri. Mimi nilikosea kukwambia vile. Bibi aliugua sana, si kama mafua yako, mwili wake ukachoka kabisa, akafa. Hakukukasirikia. Uji haukumfanya kitu."

Hilo neno "akafa" litakukwama kooni. Wakubwa tumezoea kulizunguka: katutoka, tumempoteza, katangulia mbele ya haki. Kwa watu wazima ni adabu. Mtoto yeye anayachukua maneno kama yalivyo. Katangulia? Basi na sisi twende. Tumempoteza? Mbona hamumtafuti? Mimi nilipofiwa na babu yangu, nikiwa na miaka sita, niliambiwa amelala. Usiku nikawa namfinya dada yangu kila akisinzia, mpaka akanishitaki kwa mama.

Sasa hadithi. Ipo ile ya kinyonga, inayosimuliwa kwa Wakamba na Wakikuyu mpaka kwa Wazulu kule kusini: Mungu alimtuma awaambie watu kwamba hawatakufa, akajivuta njiani, na mwenye mbio, kwingine ndege, kwingine mjusi, akamtangulia na ujumbe wa kufa. Ni tamu, lakini kwa huyu mdogo iache kwanza. Ndani yake kuna mtu wa kulaumiwa, na mwanao mshitakiwa anaye tayari.

Mimi ningemsimulia ya kuku. "Paukwa!" Ungoja aitikie "Pakawa!" Palikuwa na kuku na vifaranga wake wanne. Siku moja kuku akaugua, akafa. Vifaranga wakamwita, hakuitika. Wakamdonoa bawa, hakusogea. Wakamletea mchwa mnono, hakula. Bata mzee akawaambia: "Mama yenu amekufa. Hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi tena. Na harudi." Usiku bata akawafunika kwa bawa lake. Lilikuwa na joto, ila halikunukia kama la mama, wakalia. Asubuhi kifaranga mmoja akaparura ardhi kwa mguu, vilevile mama yake alivyokuwa akiparura, akapata mchwa.

Ishia hapo, unyamaze. Usimfafanulie. Huenda akauliza, "Na Bibi je?" Huenda akauliza mchwa alikuwa mkubwa kiasi gani. Yote ni sawa. Kesho ataitaka tena, na keshokutwa atauliza kama Bibi atakuja Idi. Si ukaidi, wengi wao hawaelewi kwamba kufa hakuna kurudi mpaka wakaribie miaka saba hivi. Mjibu kwa maneno yale yale. Ukilia katikati, lia, umwambie umemkumbuka mama yako.

Kwamba Bibi yuko kwa Mungu mwambie, ndiyo imani yenu. Ila usiseme Mungu alimpenda zaidi ndiyo maana kamchukua. Mtoto ataanza kuomba asipendwe.

Mama mkwe usimbishie. Mjukuu wake huona kuku akichinjwa uani, kifo anakifahamu kwa sura. Mgeni kwake ni kwamba kinamfika hata Bibi. Na yule dada mtu mfungue mdomo leo leo, maana miezi miwili ya kubeba siri ya watu wazima ni mzigo kwa mtoto wa miaka minane. Mwachie hata sehemu ya bata aisimulie yeye. Baba yao au mjomba akienda kuzuru kaburi, mdogo afuatane naye, aone Bibi alipozikwa, ili baraza lipumzike na gari la Muheza.

Akigoma kula, au akawa anakojoa kitandani wiki baada ya wiki ilhali alishaacha, mpeleke hospitali na ueleze msiba wenyewe, usiseme tu kwamba mtoto anaumwa.

Ile kanga itoe kabatini. Usiifue, bado ina harufu yake. Mpe ajifunike nayo akilala, na siku ukiweza, kaa naye muisome jina lake.