Damu iliyorudi, vidonge na ulanzi

Safu ya leo ni ya homoni za kike na saratani. Nimechagua maswali matano. Mengi yaliyobaki yanafanana na haya.

Mama yangu ana miaka 61, ni mnene kiasi, hedhi ilikoma zamani. Majuzi ameona damu, doa tu kwenye kanga. Shangazi anacheka eti ujana umerudi. Zahanati walimpima kwa siki wakasema yuko safi. Tutulie? (Tukuyu)

Msitulie. Kipimo cha siki huangalia mlango wa kizazi, ambako saratani huletwa na kirusi cha HPV. Damu ya mama inaweza kuwa inatoka juu zaidi, kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Huko siki haifiki.

Aliyelima mahindi ataelewa haraka: kwa ukuta ule, estrojeni, homoni ya kike, ni mbolea ya kukuzia. Kila mwezi inaunenepesha. Projesteroni, homoni ya pili, hufuata na kusimamisha ukuaji, na mimba isipotunga, ukuta humomonyoka. Hiyo ndiyo hedhi. Hedhi ikikoma, ovari (vifuko vya mayai) hunyamaza, lakini mafuta ya mwilini huendelea kutengeneza estrojeni kidogo kidogo. Projesteroni ya kuizuia haipo tena. Mbolea inamwagwa na hakuna wa kusema basi. Ndiyo maana unene huongeza hatari ya saratani ya ukuta huu kuliko watu wanavyodhani.

Wengi wanaotokwa damu umri huo hawakutwi na saratani. Huwa ni ukavu au kiuvimbe kisicho na madhara. Lakini hilo halijulikani kwa kutazama kanga. Andikeni tarehe alizoona damu, ombeni rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, apigwe utrasaundi na, ikibidi, achukuliwe kinyama kikapimwe. Ikigundulika ni saratani na bado imo ndani ya kizazi, mara nyingi upasuaji wa kukitoa unatosha. Shangazi naye mwambieni, kwa heshima yake, kwamba ujana hauji hivyo.

Dada yangu alipasuliwa titi, akapewa dawa ya tamoksifeni ya miaka mitano. Amesikia inaleta saratani ya kizazi, anataka kuacha. (Mwanjelwa, Mbeya)

Alichosikia ni kweli, ila ni nusu. Saratani nyingi za matiti zina vipokezi, tuseme vigoda, ambavyo estrojeni hukalia na kuamuru seli zigawanyike. Mwaka 1896, kabla estrojeni haijajulikana, daktari George Beatson wa Glasgow aliripoti kwamba uvimbe wa titi ulinywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari. Tamoksifeni haitoi ovari. Inawahi kigoda, estrojeni inabaki imesimama. Hiyo ni kwenye titi. Kwenye kizazi, ajabu yake, mgeni yuleyule akishakaa huanza kutoa amri kama za estrojeni. Hatari hiyo ni ndogo, na ipo zaidi kwa waliokoma hedhi. Faida ya kuzuia saratani ya titi isirudi ni kubwa zaidi. Asiache mwenyewe. Akiona damu isiyo ya kawaida, aseme kliniki siku hiyohiyo, na kama ana wasiwasi aulize iwapo kuna dawa nyingine inayomfaa.

Vidonge vya uzazi wa mpango vinaleta saratani? (Iringa mjini)

Inategemea saratani ipi. Vidonge vyenye homoni zote mbili hupunguza hatari ya saratani ya mji wa mimba na ya ovari, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuacha. Kwa titi, hatari hupanda kidogo wakati wa kuvitumia, kisha hushuka taratibu ukiacha. Kama mama au dada yako amewahi kuugua saratani ya titi, mwambie mhudumu kabla hajakuchagulia njia.

Uji wa soya je? Nasikia una homoni. (Makambako)

Una kitu kinachofanana na estrojeni kwa mbali, na nguvu yake ni ndogo sana. Tafiti za watu hazijaonyesha kwamba kula soya kunaleta saratani ya titi. Mpikie mtoto, kunywa na wewe.

Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi? (Mafinga)

Nilijua swali hili litakuja. Pombe hupandisha estrojeni, na hata glasi moja kwa siku huongeza kidogo hatari ya saratani ya titi. Utaniambia wa asubuhi ni mtamu, bado ni kama juisi. Sawa, lakini wengi hawaishii asubuhi, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi kuchacha.