Diski ina nafasi, lakini Ubuntu inagoma kusasishwa

Ndugu, umesema sasisho la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta yako, linakatikia njiani na ujumbe wa "No space left on device", ilhali diski ina gigabaiti 40 tupu. Usiifomati. Andika df -h kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), uone nafasi iliyobaki, utazame mstari wa /boot, folda ya mafaili ya kuwashia mashine. Nadhani ndiyo iliyojaa: kwenye baadhi ya mashine hutengewa sehemu yake ndogo ya diski, na kerneli (kiini cha mfumo) za zamani hurundikana humo.

Anza na uname -r, ujue kerneli unayotumia sasa. Hiyo usiiguse kabisa! Kisha sudo apt autoremove --purge, itaondoa zisizohitajika (sudo hukupa ruhusa ya msimamizi; apt ndiyo programu ya kusakinisha na kuondoa vifurushi vya programu). Nakusihi usifute mafaili ya /boot kwa rm. Apt itaendelea kudhani yapo, na ukikosea faili moja tu mashine huenda isiwake tena.

Kama apt nayo imekwama, dpkg, programu ambayo apt huitumia chini kwa chini, itakusaidia: dpkg -l 'linux-image*' itakuonyesha majina ya kerneli. Chagua kerneli moja kuukuu, uiondoe kwa sudo dpkg --purge, ukitaja pamoja nayo linux-modules-extra (kifurushi cha moduli zake za ziada) ya toleo hilohilo, la sivyo itakataa. Malizia na sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt -f install.

Ukikuta /boot haijajaa, jaribu df -i, inayoonyesha kama nafasi za kuorodhesha mafaili (inode) zimeisha, kisha bandika hapa majibu yote.