Msibandike jedwali la washindi

Mleta mada, umeuliza kuhusu idadi ya viashiria, posho za vikao na namna ya kuandaa jedwali la kila mwezi litakaloonyesha nani wa kwanza na nani wa mwisho kati ya vituo vyenu 12, mnaotaka kujifunza pamoja kuzuia akina mama kutokwa damu baada ya kujifungua. Hilo jedwali, nakusihi, msilibandike.

Sisi tulilibandika. Mwezeshaji alituambia kwamba ushindani huleta ari, na hadi leo nina hasira naye, kwa kuwa hakuwahi kukaa zamu moja ya usiku wodini. Kiashiria tulichopimwa nacho kilikuwa mama kupata oksitosini, sindano ya kuzuia kutokwa damu, uniti 10 ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa. Mwezi wa kwanza tulishika mkia, na mganga mfawidhi akaitwa wilayani kujieleza. Mwezi uliofuata kila mstari wa rejista ulikuwa na saa na dakika, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, nao ulikuwa mwandiko wangu. Tukapanda hadi nafasi ya pili. Wiki hiyohiyo mama mmoja alipata sindano akiwa amekwisha kulowesha khanga tatu. Alipona, lakini mumewe aliponiuliza kwa nini tumechelewa, nilishindwa kumtazama usoni.

Dawa hiyo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji ilikuwa famasi, na ufunguo ulilala nyumbani kwa mfamasia. Miezi sita hakuna aliyelisema hilo kikaoni, maana kulisema kulikuwa kujishusha nafasi.

Utaratibu huu wa vituo kujifunza pamoja, ambao Taasisi ya Uboreshaji wa Huduma za Afya ya Marekani iliuanzisha mwaka 1995, unataka timu zikutane, zirudi vituoni kujaribu badiliko dogo na kulipima, kisha zikutane tena kusimuliana, pamoja na yale yaliyoshindikana. Jedwali lilipoondolewa, mkunga wa zahanati jirani alisimama akaeleza kwamba kwao dozi za usiku hukaa kwenye kikasha cha baridi ndani ya chumba cha kujifungulia, na hukabidhiwa kwa saini kila zamu inapobadilishana. Tuliiga wiki hiyohiyo.

Wilaya ikidai takwimu, ipelekeeni jumla ya vituo vyote 12 bila majina. Chati ya kila kituo ibaki ukutani kwake, ichorwe na wakunga wenyewe kila Jumatatu.