Ugonjwa umeondoka, lakini nyumbani kwangu naishi kama mgeni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Morogoro. Mwaka jana nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, nikawekewa dripu za kemo, zile dawa kali za saratani, kisha nikakaa Dar kwa ndugu nikihudhuria mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Daktari anasema ugonjwa hauonekani tena, niendelee na vidonge vya homoni na kliniki. Mdogo wangu ndiye aliyenilelea watoto. Sasa huyu wa mwisho, wa miaka minne, anamwita mama, na akianguka anamkimbilia yeye. Mume wangu analala sebuleni, eti ananiacha nipumzike. Mama mkwe anauliza, kama umepona mbona mchana unalala? Najificha chooni kulia. Je, sina shukrani?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Hilo la kukosa shukrani liondoe kabisa. Ulipokuwa kwenye matibabu kila siku ilikuwa na kazi yake: leo kupima damu, kesho dripu, wiki ijayo mionzi. Ungelia saa ngapi? Sasa ratiba imekwisha, na machozi uliyoyaahirisha yamekuja kudai zamu yao. Yaache yatoke, ila usijifiche chooni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kinachoniuma zaidi ni huyo mtoto. Kwa mtu wa miaka minne, mwaka mmoja ni robo ya maisha. Alichoona ni mama anaondoka na begi, anarudi hana nywele, na kila akitaka kumrukia anaambiwa, "Mwache mama, anaumwa." Hajakusahau. Amezoea kukukwepa asije akakuumiza. Usimkataze kumwita mama mdogo wake mama, maana kwetu ni mama kweli. Wewe chukua jambo moja la siku liwe lako: kumwogesha jioni. Moja tu, lakini lisikose, hata siku uliyochoka ukaogesha umekaa kwenye kigoda.

Na mdogo wako zungumza naye. Aliacha mambo yake akaja kushika nyumba yako, na huenda hajui kama sasa abaki au aondoke. Mpe shukrani ya kushikika mkononi, kisha mpange pamoja.

Kuhusu mumeo, huenda kweli anakuonea huruma. Huenda pia anaogopa kovu, au amesikia maneno ya mtaani kwamba aliyepigwa mionzi anaambukiza. Saratani ya titi haiambukizwi kwa kulala pamoja, na mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha. Mwambie hivyo. Nami nikuulize: wewe mwenyewe humfichi hilo kovu? Huvai nguo gizani? Mwite arudi kitandani kulala tu, hayo mengine yatafuata. Yakifuata na ukasikia ukavu au maumivu, mweleze nesi wa kliniki bila haya. Vidonge vyako vya homoni wakati mwingine huleta ukavu, hata joto la ghafla usiku, na msaada upo. Usiviache kimyakimya.

Mama mkwe usibishane naye. Uchovu wa baada ya kemo na mionzi huchukua miezi, kwa wengine hupita mwaka, na kulala hakuumalizi. Hayo mumeo ndiye amweleze mama yake, tena awe ameyasikia kwa daktari. Kliniki ijayo nendeni wote wawili. Muulizeni pia kuhusu mkono wa kushoto: kama tezi za kwapani zilitolewa, mkono huo unaweza kuvimba, na hata jeraha dogo la kisu jikoni lioshwe mara moja. Ukivimba ukawa wa moto na mwekundu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni bandika maji ya mtoto. Ndoo akubebee mdogo wako, kisha awaache wawili bafuni.