Ufadhili wa Coverdell kwa Waliorudi kutoka Kujitolea: Ushauri wa Aliyeupata

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana ambaye familia yake ililetwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Baada ya kupata uraia na kumaliza shahada ya kwanza, alijiunga na Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka raia wake kujitolea katika nchi nyingine, na sasa amebakiza muda mfupi arudi. Anataka kusomea shahada ya uzamili kwa ufadhili wa Coverdell, lakini ana wasiwasi. "Shikamoo dada," aliandika, "naogopa wataniona mimi ni mtu wa kusaidiwa, si mtu wa kusaidia." Yeye nimekwisha kumjibu, lakini kwa kuwa wasiwasi huo nimeukuta kwa wengi wetu tuliolelewa kwa Kiswahili tukiwa ughaibuni, naona ni vyema niujibu hapa kwa kirefu.

Kwa wasioufahamu ufadhili huu, nitaeleza kwa ufupi. Peace Corps ilianzishwa mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea watu wake wa kujitolea. Utumishi wa kawaida ni miezi 27, mitatu ya mwanzo ikiwa ya mafunzo. Ufadhili kwa wanaorudi ulianza mwaka 1985 katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, wakati shule za jiji la New York zilipokuwa na upungufu wa walimu, na baadaye mpango mzima ukapewa jina la Paul Coverdell, aliyewahi kuiongoza Peace Corps kabla ya kuwa seneta wa jimbo la Georgia. Leo unatolewa na vyuo vikuu vingi katika majimbo mbalimbali, kwa sharti moja kubwa: wakati wa masomo, mfadhiliwa afanye mafunzo kwa vitendo katika jamii ya Marekani ambayo huduma haziifikii ipasavyo. Asiye raia wa Marekani hawezi kujiunga na Peace Corps hata kama ana kadi ya ukaazi, kwa hiyo ndugu zangu wa Tanga wanaoniomba niwaunganishe watanisamehe. Milango iliyo wazi kwao ni mingine.

Mimi nilitumikia Malawi, wilayani Dedza, katika mradi wa afya ya mama na mtoto. Niliporudi niliomba nafasi katika vyuo kadhaa, na kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniita kwenye usaili. Yote yalikwenda vizuri mpaka mmoja wa wasaili alipofunga jalada langu na kuniuliza, kwa tabasamu la upole kabisa, kwamba kwa kuwa nilizaliwa Afrika, kwenda Malawi kulikuwa na ugumu gani kwangu. Mwenzangu aliyekuwa amesailiwa kabla yangu, mtoto wa Ohio aliyetumikia wilaya ya jirani, hakuulizwa kama Malawi ilikuwa rahisi kwake. Nilijibu kwa adabu kwamba Malawi sikuwahi kuikanyaga kabla ya hapo, kwamba Kichewa nilijifunza ukubwani kama yeye, na kwamba wenyeji walinipima kwa kazi kama walivyompima yeye. Nafasi sikuipata. Sidai kwamba swali lile ndilo lililoninyima, lakini sijalisahau, na nitakuwa mwongo nikiandika kwamba haliniumi tena.

Chuo kilichonipokea ni cha jimbo la kati ya nchi, katika mji ambao shangazi yangu mpaka leo hawezi kuutamka. Kilinisamehe karo na kunipa posho ya kila mwezi, kisha kikanipeleka kufanya kazi katika kituo cha afya cha jamii ambako familia za wakimbizi kutoka Kongo zilikuwa zinaongezeka. Huko nilikutana na mama mmoja ambaye barua zake zote alizihifadhi katika mfuko wa rambo uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Nyingi hazikuwa zimefunguliwa. Tulizimwaga mezani, tukazipanga kwa nembo za juu ya bahasha, na katikati ya matangazo ya pizza na mikopo ya magari tukakuta taarifa kwamba bima ya afya ya serikali ya watoto wake ingekatwa asipojaza fomu ya kuihuisha. Tarehe ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Mtoto wake wa pili alikuwa na pumu.

Kazi hiyo nilikuwa nimekwisha kuifanya Dedza kwa sura nyingine. Kule niligundua kwamba kina mama wa vijiji vya mbali walikuwa wanaacha kuleta watoto kupimwa uzito kwa sababu siku ya kliniki iliangukia siku ya gulio, wala si kwa sababu ya uzembe uliokuwa ukisemwa. Nilikaa na wahudumu wa afya na wazee wa vijiji mpaka siku ikabadilishwa, na daftari la mahudhurio likaanza kujaa. Katika mji ule wa Marekani niliuliza swali lile lile, yaani ni nini hasa kinachomzuia mtu, na jibu likawa kwamba barua zilikuwa zinatumwa kwa Kiingereza tupu kwa watu wanaosoma Kiswahili au wasiosoma kabisa. Tukaanzisha utaratibu wa kuwapigia simu kabla ya tarehe ya mwisho, na kituo kikauchukua kuwa utaratibu wake. Ninajivunia jambo hilo kuliko cheti kilichoko ukutani.

Ndiyo maana ninamwambia kila anayeniuliza: katika barua yako ya maombi, usitumie nafasi kubwa kueleza wewe ni nani, bali eleza ulikuta kikwazo gani, ulikichunguzaje, na kilibadilika nini baada ya hapo. Maisha ya kambini yataje pale yanapoeleza kwa nini uliona kitu ambacho wengine hawakukiona, kisha endelea na kazi. Mtu aliyepanga foleni ya mgawo wa unga anajua mengi kuhusu foleni, lakini kamati ya udahili haitajua hilo mpaka umweleze msomaji wako ulichokifanya kwa ujuzi huo. Na usiandike utetezi. Wanaotaka kukudharau hawatazuiwa na aya nzuri, na wasiotaka hawaihitaji.

Kabla hujaondoka nchini ulikotumikia, hakikisha ile hati rasmi inayoeleza utumishi wako imeandikwa kwa makini, kwa sababu vyuo vitaitumia kuthibitisha ulichokifanya. Iandike mapema, ukiwa na takwimu zako mkononi, ukitaja vijiji, idadi ya watu uliowafundisha na mafunzo uliyoyapata, wala usingoje wiki ya mwisho ya kuagana na kufunga mizigo, wakati kichwa kimekwisha kupanda ndege. Barua ya mapendekezo ya mwenyeji uliyefanya naye kazi, kama mganga wa zahanati au mwalimu mkuu, mara nyingi ina uzito kuliko ya profesa aliyekufundisha darasani pamoja na watu mia mbili.

Katika kuchagua chuo, nasisitiza: tazama kazi kwanza, jina baadaye. Chuo Kikuu cha Western Illinois, kwa mfano, kilijijengea sifa kwa kuwapeleka wafadhiliwa katika miji midogo ya mashambani kwa miezi 11 mfululizo, na aliyepita huko hutoka na kazi ya kuonyesha. Mwombe msimamizi wa mpango akuunganishe na mfadhiliwa aliyemaliza, umwulize alikuwa anafanya nini hasa siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Akijibu kwamba alikuwa anatoa nakala za makaratasi, umekwisha kujua.

Fedha zina hadithi yake. Jina la ufadhili ni moja lakini kila chuo kina masharti yake. Kimoja husamehe karo yote, kingine hupunguza sehemu tu, na posho ya kujikimu hutozwa kodi. Ukiambiwa kwa mdomo kwamba "tutaangalia," omba barua. Wapo wanaofurahia jina kubwa la chuo na kusaini mkopo wa kuziba pengo, kisha wakashindwa kukubali kazi ya kituo cha jamii waliyoisomea kwa sababu mshahara wake haulipi deni.

Wala usiharakishe kwa hofu kwamba nafasi itakupita. Haki ya kuomba ufadhili huu haina kikomo cha miaka kwa aliyemaliza utumishi wake vyema. Darasani kwetu kulikuwa na mama aliyetumikia Ufilipino akiwa msichana, akarudi, akaolewa, akalea, na akaomba nafasi wakati kitinda mimba wake yuko mwaka wa pili chuoni. Yeye ndiye aliyetufundisha sisi vijana jinsi ya kujaza fomu za kodi ya posho.