Uliza Ujibiwe: Nikasomee usimamizi wa biashara au nibaki na viazi vyangu?

Tangu majibu ya form four yatoke simu yangu haipumui, meseji kutoka Mbeya, Njombe, Iringa, mpaka Tunduma, na karibu zote ni za chuo. Nimechagua nne, wengine mtajikuta mmejibiwa humo humo.

*

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 23 nipo Uyole, nauza viazi, navifata Isongole nakuja kuwauzia wakaanga chipsi kwa ndoo. Form four nilipata C ya Kiswahili, D za Civics, Jiografia na Baiolojia, na D ya somo la Biblia, zilizobaki ni F. Baba mdogo anataka kunilipia ada nikasome usimamizi wa biashara ngazi ya cheti. Kaka yangu anasema huo ni upuuzi, biashara naijua tayari, nitaenda kufundishwa na mtu ambae hajawahi kuuza hata kiberiti. Je wananipokea kweli na hizo D? Na niende au niache?
Kijana wa viazi, Uyole

Marahaba mwanangu. Tuanze na D maana hapo ndipo wengi wanajikatia tamaa bure. Astashahada ya mwanzo, ile wanaita NTA level 4, inataka ufaulu wa masomo manne ya form four yasiyo ya dini, na D ni ufaulu. Kwa hiyo Biblia weka pembeni (Mungu atakulipa kwa njia nyingine), unabaki na Kiswahili, Civics, Jiografia na Baiolojia, nne kamili. Umepita kwa wembamba ila umepita. Hapo unasoma mwaka mmoja, ukifaulu unaendelea na stashahada yani diploma, NTA 5 na 6, miaka miwili, na ukitoka na GPA inayoeleweka mlango wa digrii uko wazi bila kupitia form six. Na huna haja ya kwenda Dar, CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) wana kampasi hapo Mbeya na TIA (Taasisi ya Uhasibu) vilevile, vyote vya serikali.

Sasa kaka yako. Simpuuzi, kuna walimu wanaosoma notsi za miaka kumi iliyopita na wanafunzi wananakili mpaka makosa ya chapa. Lakini hebu nikuulize, gunia moja la viazi linakuingizia shilingi ngapi? Sio mauzo, faida. Tuseme, ni mfano tu maana bei unaijua wewe, umenunua gunia Isongole 60,000. Gari 5,000, kushusha 1,000, ushuru 1,000, hapo ni 67,000. Ukalipima ukapata ndoo sita, ndoo 12,000, unasema moyoni 72,000 nimekula 5,000. Haya, nusu ndoo ilikuwa vidogo na vilivyooza, hiyo 6,000 imeondoka, umebaki na 66,000. Umepata hasara ya buku na hujui, kwa sababu kila jioni mfukoni kuna hela, za gunia hili zimechanganyika na za gunia la juzi na za yule mkaanga chipsi aliyelipa deni la wiki iliyopita, na humo humo ndio unatoa ya kula, vocha, na makato ya kutuma hela kwa simu. Na bado sijahesabu siku yako nzima ya kwenda na kurudi. Wafanyabiashara wengi wa masokoni kwetu hawafilisiki kwa kukosa wateja, wanafilisika wateja wakiwa wamejaa genge.

Hicho ndicho chuo kinakupa. Gharama, daftari la mauzo, tofauti ya mtaji na faida, mkopo gani unalipika na upi utakumaliza, mkataba unasomwaje kabla ya kusaini, Excel kidogo, barua ya biashara inayoeleweka. Mimi mwenyewe nimefundisha bukukiping miaka mingi na nakwambia wanafunzi waliokuwa wanaelewa haraka ni wale wenye kitu wanachouza, ukisema stoku ya mwisho, yani mali iliyobaki siku ya kufunga hesabu, yeye anaona magunia yake, mwenzake anaona neno la kukariri. Kubembeleza mteja na kujua gunia la lumbesa limejazwa matope katikati hutofundishwa, hapo kaka yako yuko sahihi na hapo tayari wewe ni profesa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa baba mdogo ila kwa sharti moja, genge usiuze. Watu wanafanya kosa hilo, anaingia chuo anauza kila kitu anapanga geto anakuwa mwanafunzi kamili, akitoka ana cheti, wateja wameshahama, anaanza kuzunguka na bahasha ya kaki kutafuta kazi ya keshia. Ulizia kama chuo kina vipindi vya jioni au wikiendi. Kama hakuna, tafuta mtu mmoja unayemwamini akae gengeni mchana na umpe daftari, kila ndoo iandikwe, na hizo namba ndio uende nazo darasani. Asaimenti ya gharama wenzako watatunga kampuni za kufikirika, wewe andika viazi. Ikifika fildi, yale mafunzo ya kazini, ndio uombe kwenda mahali wanaponunua mazao kwa wingi ukaone wanavyopanga bei.

Ila usidharau masomo ukadhani uzoefu utakubeba. Hesabu za biashara na uhasibu zinakamata watu, ukianza kukosa mazoezi ya kati kisa soko, utaingia kwenye sapu (mtihani wa marudio), baadae kariova (somo unalolibeba mwaka unaofuata), na ada ya baba mdogo inaanza kuwa ya miaka miwili badala ya mmoja. Na mwambie mapema kabisa asitegemee mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESLB hawakopeshi ngazi ya cheti. Vyuo vya serikali ada inalipwa kwa kontrol namba, mtu akikwambia tuma kwenye simu yangu nitakulipia, hapana.

*

Dada habari za kazi. Nina binti yangu hapa Makambako kamaliza form four, kapata pasi tano. Kuna kijana amepiga simu anasema ni ajenti wa chuo, diploma ya usimamizi wa biashara miezi nane tu, nafasi zinaisha Ijumaa, nitume laki moja ya kushika nafasi. Chuo hakina tovuti ila ana picha nzuri za majengo. Naomba ushauri haraka.
Mzazi, Makambako

Usitume. Nimejibu haraka kama ulivyotaka, sasa tukae tuongee.

Mtu wa form four hafiki diploma kwa miezi nane, hesabu nimeshamwekea kijana wa viazi hapo juu, mwaka mmoja wa cheti alafu miwili. Anayekuuzia miezi nane labda anakuuzia karatasi. NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, wanatoa mwongozo wa udahili kila mwaka, uko kwenye tovuti yao bure, umeandikwa jina la chuo, kozi walizoruhusiwa kutoa, sifa za kuingia na ada. Angalia vitu viwili, jina la chuo lipo, NA kozi yenyewe ipo chini ya hilo jina. Hili la pili watu wanalisahau sana, chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine kabisa, afya au ualimu, alafu hiyo ya biashara wameiongeza kwenye bango la barabarani tu.

Maumivu yake huwa hayaonekani mwanzoni. Mtoto anasoma, anafanya mitihani, mnachinja kuku kwenye mahafali, yote sawa. Siku anataka kuomba digrii anaambiwa alete AVN, ile namba ya uhakiki wa diploma inayotolewa na NACTVET, na kama kozi haikutambuliwa hiyo namba hakuna wa kumpa. Miaka mitatu imepita na ana miaka 21 anarudi kukaa na wadogo zake cheti cha kwanza.

Kingine dada, binti mwenyewe umemuuliza? Maana barua yako nzima inazungumzia ajenti. Wapo wanaopelekwa biashara kwa sababu "ndio kozi rahisi na inaingilika popote", wakati anapenda kushona au mifugo, na fundi nguo mwenye akili ya hesabu hapo Makambako kwenye njia panda ya Songea na Mbeya hali njaa. VETA nao wanafundisha ujasiriamali ndani ya fani.

*

Mambo vipi mama, nipo Mafinga. Mjomba wangu yupo Marekani anasema niende komyuniti koleji nikasome biznesi, ni rahisi kuliko yunivesiti na nitajilipia kwa kufanya kazi. Ni kweli?

Nusu. Komyuniti koleji za kule ni vyuo vya kweli, unasoma kama miaka miwili unapata associate degree, wengi wanahamishia masomo yao chuo kikuu wakamalizie miwili iliyobaki. Ni nafuu kuliko chuo kikuu, ila unafuu mkubwa ni wa wakazi wa eneo lile, mwanafunzi wa kutoka nje analipa zaidi, na vingi havina hosteli kwa hiyo swali la kwanza kwa mjomba ni nitalala kwako au wapi. Hilo la kujilipia ndio sio. Viza ya mwanafunzi, F-1, mwaka wa kwanza hairuhusu kazi nje ya chuo, ndani ya chuo ni mwisho masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kabla hujapewa hiyo viza unatakiwa uonyeshe hela ya kukusomesha ipo tayari. Sasa muulize mjomba hiyo hela ni yake au anategemea mahindi ya bibi.

*

Kamwene mama. Mimi nipo Ilula, nauza vitunguu na nyanya barabarani, niliishia darasa la saba. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Natamani nisome biashara lakini kila chuo nikiuliza wanataka form four. Pia nasikia TRA wanakuja kuandikisha, naogopa.

Kamwene mdogo wangu. Vyuo vya NTA kweli hutoweza kwa sasa, lakini kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, vilianza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuona vyuo vya namna hiyo Sweden, na vilianzishwa kwa ajili ya watu wazima wa vijijini kama wewe na mimi. Darasa la saba wanapokea. Kozi nyingi ni za fani, kushona, upishi, kilimo na mifugo, na ujasiriamali unafundishwa humo. Ulizia pia programu ya Elimu Haina Mwisho, ni ya wasichana na wanawake vijana waliokatisha shule, unarudia masomo ya sekondari pamoja na fani, na vyuoni kuna sehemu ya kuangalia watoto mama akiwa darasani. Usione aibu kwenda na mtoto mgongoni kuuliza, wameshazoea.

Wakati unasubiri nafasi nunua kauntabuku leo. Kushoto ulichonunua, kulia ulichouza, kila siku, hata umechoka. Hapo ndipo TRA wanaingia na nataka uache kuogopa. Mauzo ya mwaka yasipozidi milioni 4 kodi ya mapato hulipi. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Tuseme unauza milioni 6 kwa mwaka, kilichozidi ni milioni 2, asilimia 3 ni 60,000. Kauntabuku imekuokolea 40,000. Viwango hivi serikali huvigusa kwenye bajeti ya mwezi wa sita, kwa hiyo ukifika ofisini kwao Iringa waulize vya mwaka huu. Na TIN, yani namba ya mlipa kodi, ni bure, mtu akisimama pale nje akakwambia atakusaidia kujaza fomu kwa elfu ishirini mpite, ingia ndani.