Waini nyekundu ya Argentina kwa bei poa: kamata ile iliyochanganywa

Wadau, wageni wakija kwangu kula huwa wananiuliza hii waini umeitoa wapi na ni shingapi, nikiwatajia bei wanabisha. Mi naishi Marekani na waini ya nyumbani kwangu kwa miaka sasa ni nyekundu ya Argentina, kati ya dola 9 na 15, na mara nyingi sio ya zabibu ya Malbec tupu, ni ile iliyochanganywa zabibu aina mbili au tatu. Ngoja niandike nimalize maana naulizwa sana.

Malbec ndo imeipa Argentina jina, hilo halina ubishi. Asili yake ni Ufaransa, kule Cahors, ikapelekwa Mendoza, mkoa wa Argentina wenye mashamba ya zabibu, miaka ya 1850 na mtaalamu wa kilimo Mfaransa aitwaye Michel Aimé Pouget, ikapapenda kule kuliko kwao. Sasa jina likishakua unalilipia. Nikikuta Malbec ya dola 10 na mchanganyiko wa dola 10 kwenye shelfu moja nachukua mchanganyiko bila kufikiria mara mbili, kwa sababu kwa bei hiyo Malbec ikiwa peke yake mara nyingi inakuwa laini mno, tamutamu hivi, unameza na imeshaisha. Wakitia Cabernet Sauvignon inapata ukakasi kidogo wa kuishikilia, wakitia Syrah inapata harufu ya pilipili manga, yaani kila zabibu inaziba pengo la mwenzake.

Halafu kuna Bonarda, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ndo zabibu nyekundu ya pili kwa wingi Argentina baada ya Malbec ila nje ya kule watu wengi hawajawahi hata kuisikia, na vipimo vya DNA vimeonesha ni ileile Douce Noire ya Savoie, Ufaransa, sio Bonarda ya Italia. Inastahimili joto la upande wa mashariki wa Mendoza na inazaa sana, kwa hiyo haina bei ya kutisha. Ukiimimina rangi yake ni ya zambarau iliyoiva kabisa, katikati nyeusi tii na pembeni ya glasi inang'aa upinki, ukakasi mdogo, uchachu mtamu wa forosadi. Ikikutana na Malbec mle ndani inaichangamsha. Chupa iliyoandikwa Malbec-Bonarda mi siipiti.

Dukani geuza chupa usome nyuma, mbele ni mapambo. Zikitajwa zabibu mbili, inayotangulia ndo nyingi. Ikiandikwa Malbec tu sheria yao inataka iwe angalau asilimia 85, kwa hiyo hata hiyo inaweza kuwa na kitu kingine ndani. Mchanganyiko wenyewe utaukuta umeandikwa Red Blend, Blend au Corte. Neno Reserva kule lina uzito kisheria, waini nyekundu lazima iwe imekaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, so kuongeza dola mbili tatu kwa ajili yake naona ni sawa. Na ukiona wametaja Valle de Uco, bonde la hukohuko Mendoza, kwa bei hii, chukua haraka. Kule mashamba mengi yako mita 1,000 kwenda juu, mchana jua linachoma usiku baridi inashuka, zabibu zinaiva vizuri na bado uchachu wake unabaki. Mendoza ni kukavu, mvua ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, wanamwagilia kwa maji ya theluji ya milima ya Andes kupitia mifereji, magonjwa ya ukungu ni machache, na hiyo ni sababu mojawapo wanaweza kuuza rahisi bila kuharibu kitu.

Kwa majina, anza na Trivento Amado Sur, ina Malbec, Bonarda na Syrah. Siku ukiwa na hela zaidi tafuta Clos de los Siete, hiyo inapita bajeti ninayosema hapa ila Malbec yake imechanganywa na Merlot, Cabernet na wenzao, na inatoka hukohuko Valle de Uco. Chupa nzito kama jiwe isikubabaishe, uzito wa kioo unaulipia wewe. Kifuniko cha kuzungusha hakina shida yoyote. Chukua ya miaka miwili mitatu nyuma na uinywe, za bei hii hazikuwekwa chupani zikae kabatini miaka kumi.

Jambo ambalo watu wengi hawafanyi: iweke kwenye friji dakika 20 au 30 kabla ya kunywa. Hizi waini nyingi zina kilevi asilimia 13.5 hadi 14 na zaidi, zikiwa na joto la chumba unasikia spiriti tu puani, ikipoa kidogo tunda linatokea. Mlio Dar au Mombasa hii kwenu ni lazima kabisa.

Chakula ni nyama choma, bila mjadala. Waargentina wenyewe asado yao ni nyama, chumvi na moto wa taratibu, sasa we weka mbavu za mbuzi zenye mafuta na kachumbari pembeni uone Bonarda inavyofanya kazi yake. Pilipili punguza tu, ikikutana na kilevi cha asilimia 14 mdomo unawaka na waini yote inapotea. Pilau ya ng'ombe pia inaenda vizuri sana, hasa kama kuna Syrah ndani.

Ikibaki funga kizibo uirudishe friji, siku ya pili bado nzuri na zenye Cabernet mara nyingine zinanoga zaidi, ya tatu inaanza kuchoka, ya nne mi naitia kwenye rosti ya nyama.